Duka Lifunguliwe Bila Wewe: Mwongozo kwa Mwenye Duka Anayetaka Muda wa Nyumbani

Duka la mtaani linalofunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa nne usiku hukaa wazi saa 15 na nusu. Kwa siku saba ni saa 108 na nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mwajiriwa wa Tanzania ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Maana yake mwenye duka anayekaa kaunta peke yake anafanya kazi ya waajiriwa wawili na ushee, na mara nyingi hajilipi hata mshahara wa mmoja.

Ukimwambia mtu huyu "jipangie muda", hujamsaidia. Hajakosa mpango. Kinachomfunga ni vitu vinne ambavyo viko kichwani au mfukoni mwake tu: bei, pesa, mzigo na madeni. Akitoka nusu saa, kimojawapo kitamrudisha. Hapa chini tunaeleza namna ya kuvitoa kichwani kimoja baada ya kingine, mpaka msaidizi aweze kufunga hesabu wewe ukiwa kwenye kikao cha wazazi shuleni, au umelala zako. Mifano yote ni ya duka la rejareja la vyakula na vitu vya nyumbani. Mwenye duka la vipodozi au vifaa vya umeme atabadilisha bidhaa, hesabu ni zile zile. Tenga miezi miwili. Anayejaribu kwa wiki moja hurudi kaunta na kusema vijana wa siku hizi hawaaminiki, kumbe hakuwaachia kitu cha kufuata.

HATUA YA 1: ANDIKA SIKU 14 KABLA YA KUBADILI CHOCHOTE

Chukua daftari, kila siku ukurasa mmoja, kila saa mstari mmoja. Kila saa ikiisha andika mambo mawili: umeuza kiasi gani katika saa hiyo (hesabu ya droo pamoja na iliyoingia kwa Lipa Namba, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu), na kama kulikuwa na jambo ambalo ni wewe tu uliyeweza kulifanya. Jambo hilo lipe herufi: B kwa bei, P kwa pesa na chenji, M kwa mzigo, D kwa deni. Kama hakuna, weka nukta.

Usiandike kwa kukisia jioni. Anayekisia huandika kwamba alikuwa na kazi siku nzima, kwa sababu ndivyo mwili unavyokumbuka. Daftari huonyesha kingine: kwenye mitaa ya makazi mauzo hupanda asubuhi, watu wanaponunua mkate, sukari na majani ya chai, hulala kuanzia kama saa nne mpaka saa tisa alasiri, kisha hupanda tena saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku wanapotaka unga, mafuta, nyanya na kiberiti. Duka la karibu na stendi au chuo lina mkondo wake, na ndiyo sababu lazima uandike la kwako.

Baada ya siku 14, jumlisha saa ya mwisho peke yake. Tuseme kati ya saa tatu na saa nne usiku umeuza jumla ya shilingi 238,000, yaani 17,000 kwa siku. Kama faida yako ghafi, yaani mauzo ukitoa bei uliyonunulia, ni asilimia 12, saa hiyo inakuletea shilingi 2,040, kabla ya kutoa umeme. Tena si zote zitapotea ukifunga mapema, kwa kuwa mteja anayejua unafunga saa tatu atakuja saa mbili na nusu. Ila wiki mbili za kwanza atakuja saa tatu na robo, akute pamefungwa, anune. Mvumilie, na usimfungulie. Ukimfungulia mmoja, umewaambia wote.

Mkondo huo una ubaya wake, na ni heri kuusema mapema: saa za kuuza sana ndizo saa za watoto kurudi na mwenzi wako kuwa nyumbani. Saa za bure za duka ni za mchana, wakati nyumba ni tupu. Kwa hiyo mchana ukabidhiwe kwanza, kwa ajili ya usingizi, hospitali, shamba, kinyozi na safari za ofisini. Jioni hukabidhiwa mwisho, na mwanzoni iwe mbili tu kwa wiki.

HATUA YA 2: JILIPE MSHAHARA, NA UNUNUE DUKANI KWAKO KAMA MTEJA

Mwenye duka asiyejilipa hawezi kupumzika, kwa sababu hajui kama kupumzika kunamgharimu. Anachojua ni kwamba pesa ya droo ikipungua anaogopa, na akiogopa anakaa.

Hesabu iwe hivi. Tuseme unauza shilingi 9,000,000 kwa mwezi, faida ghafi asilimia 12: ni 1,080,000. Toa pango 150,000, umeme 60,000, msaidizi 250,000, mchango wa mwajiri kwa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) asilimia 10 ya mshahara huo 25,000, usafiri wa mzigo 120,000, kodi na ada 50,000, vilivyooza na kumwagika 30,000. Zote ni 685,000. Zinabaki 395,000. Hapo jilipe 280,000, na 115,000 ibaki dukani kukuza mzigo na kungoja siku mbaya. Mshahara wako ugawe kwa wiki, 70,000 kila Jumatatu, na uhame kabisa: uende kwenye laini au akaunti ambayo haihusiani na duka. Kuanzia hapo ada, mchango wa harusi, rambirambi na vocha yako vinatoka huko.

Mshahara wa msaidizi usiwe chini ya kima cha chini cha sekta ya biashara kilichotangazwa na serikali, na uangalie tangazo la karibuni, kwa sababu hubadilika.

Ukiona hesabu haimbebi msaidizi, usimwajiri kwa matumaini. Msaidizi wa 275,000 pamoja na mchango wake, kwa faida ya asilimia 12, anahitaji mauzo ya karibu 2,300,000 kwa mwezi ili ajilipe. Kama duka zima linauza milioni 3, dawa yako ni kupunguza saa za kufungua. Funga mchana saa saba mpaka saa tisa na ubandike saa hizo mlangoni kwa maandishi makubwa.

Kuhusu vitu vya nyumbani: fungua ukurasa mmoja nyuma ya daftari, uandike NYUMBANI. Kila sukari, sabuni au soda inayoingia ndani iandikwe, kwa bei ya kuuzia. Wengi huandika kwa bei ya kununulia wakiona ndiyo haki yao, halafu hesabu ya mzigo mwisho wa wiki inagoma kwa sababu bei mbili zimechanganyika. Jumatatu ukichukua mshahara, toa jumla ya ukurasa huo kwanza. Mwezi wa kwanza watu wa nyumbani watasema umekuwa bahili. Waonyeshe ukurasa. Kwenye nyumba ya watu sita mara nyingi jumla hiyo humshangaza mwenye duka kuliko mtu mwingine yeyote.

HATUA YA 3: TOA VITU VINNE KICHWANI

Bei ni rahisi, na hufanywa siku moja duka likiwa limefungwa. Bandika bei kwenye ukingo wa rafu, si kwenye bidhaa, kwa sababu bidhaa huondoka na bei yake. Vya kupima ndivyo vyenye shida. Andika karatasi moja ya ukutani, ndani ya kaunta, yenye robo, nusu na kilo ya kila kitu, na mafuta ya kupima kwa kila kipimo mnachotumia. Ukibadili bei, badili karatasi kwanza, kisha andika tarehe pembeni; utahitaji tarehe hiyo wakati wa hesabu.

Sukari, mchele na maharage vifungwe asubuhi saa za kupooza, robo na nusu, kwenye mifuko ya karatasi ya kaki. Kufunga mapema kunaondoa foleni ya jioni, na foleni ndiyo inayomfanya msaidizi akupigie simu. Pia kunakupa kipimo cha uaminifu bila kumshuku mtu: fungueni pamoja mfuko mmoja wa kilo 50, pimeni mpaka uishe, hesabuni pakiti. Zikitoka za kilo 49 na nusu, basi 49 na nusu ndiyo kawaida ya duka lenu, na kila mfuko utarajiwe hivyo. Upungufu huo unatokana na mkono unaozidisha kidogo na punje zinazomwagika. Ukishuka hadi 48, angalia mizani kabla ya kumwangalia mtu, na hakikisha ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.

Pesa ndiyo sehemu ndefu. Anza na chenji ya kuanzia isiyobadilika, iliyofungwa kwenye bahasha kila usiku. Shilingi 50,000 zinatosha duka la wastani, zikiwa hivi: noti 10 za 2,000, noti 10 za 1,000, sarafu 20 za 500, sarafu 25 za 200 na sarafu 50 za 100. Msaidizi anaihesabu asubuhi mbele yako, au anaihesabu peke yake na kusaini. Bahasha ikiwa na noti tano za 10,000 si chenji hiyo. Saa moja asubuhi atakuwa anakimbia kwa jirani kuvunja pesa na kaunta imebaki na mtoto.

Usiku hesabu ni hii: taslimu iliyo kwenye droo, ongeza iliyoingia kwa simu, ongeza madeni mapya ya leo, ongeza matumizi yaliyotoka kwenye droo (mkaa wa chai, bodaboda, maji), kisha toa chenji ya kuanzia na madeni ya zamani yaliyolipwa leo. Kinachobaki ni mauzo ya siku. Madeni yaliyolipwa ndiyo husahaulika. Usipoyatoa, mauzo huvimba siku za mishahara, na unaanza kudhani tarehe 28 kuna muujiza.

Malipo ya simu yana mtego wake. Ujumbe wa Lipa Namba ukiingia kwenye simu yako, msaidizi atakupigia kila dakika kumi: "Bosi, imeingia elfu nne na mia tano?" Kwa hiyo simu inayopokea ujumbe wa malipo ilale na iamke dukani. Iwe simu ndogo ya vitufe, na namba ya siri uijue wewe tu; msaidizi anasoma ujumbe, hatoi pesa. Mfundishe kusoma ujumbe kwenye simu ya duka, asikubali kuonyeshwa simu ya mteja hata kama mteja ni mzee wa heshima, kwa kuwa ujumbe wa kughushi huonyeshwa hivyo hivyo. Mtandao ukichelewa, mteja asubiri au alipe taslimu.

Kama wewe pia ni wakala wa M-Pesa, Airtel Money au mitandao mingine, tenga droo yake. Kanuni ni moja: floti (pesa iliyo kwenye simu ya uwakala) ukijumlisha na keshi ya uwakala lazima vilingane na mtaji uliouanza, kamisheni ikihesabiwa peke yake. Mtaji ukiwa 1,500,000, na floti ni 870,000, basi keshi ni 630,000, si pungufu. Anayechota keshi ya uwakala kununulia mkate wa duka huvuruga hesabu mbili kwa mpigo. Na uwakala, tuseme kweli, ndio unaowanyima watu wengi jioni zao, maana msimamizi wake anatakiwa kuwa mtu mwenye namba ya siri. Kama kamisheni ya baada ya saa kumi na mbili jioni ni ndogo, sitisha huduma saa hiyo na duka liendelee.

Mzigo: acha kwenda jumla kila siku. Anayeishi Mbagala au Kimara akienda Kariakoo kuchukua mzigo, nusu siku imekwisha. Chagua siku mbili, mathalani Jumanne na Ijumaa, na uweke kiwango cha kila bidhaa inayokimbia. Kiwango ni mauzo ya siku mara siku mpaka safari ijayo, ongeza akiba ya siku moja. Sukari ikitoka kilo 18 kwa siku, Ijumaa unajaza mpaka 90 (siku nne ni 72, na akiba 18), Jumanne unajaza mpaka 72. Andika viwango hivyo kwenye mlango wa stoo. Jumatatu na Alhamisi jioni msaidizi anahesabu kilichopo, anakitoa kwenye kiwango, na kinachobaki ndiyo oda. Hapo huhitaji kwenda mwenyewe: oda inapigiwa simu duka la jumla, analeta mwenye kirikuu (gari dogo la mizigo) au guta, msaidizi anahesabu mbele ya dereva kabla ya kusaini risiti. Wasambazaji wa soda, mkate na maziwa huleta wenyewe. Waambie waje saa nne mpaka saa nane mchana, si saa kumi na mbili jioni wateja wakiwa wamejaa.

Bidhaa zisizokimbia ziache. Kiwango cha nta ya viatu hakimsumbui mtu.

Madeni ndiyo kitu ambacho wenye maduka hukiachia mwisho, na ndiyo kinachovunja mpango. Kibao cha "Kukopa harusi, kulipa matanga" hakijawahi kumzuia jirani. Msaidizi, hasa akiwa kijana, hawezi kumwambia mama wa nyumba ya tatu kwamba hakopeshwi. Ataandika, au atatoa bila kuandika. Mwondolee mzigo huo. Tengeneza orodha ya watu wasiozidi 15 wanaokopeshwa, kila mmoja na ukomo wake, 5,000 au 20,000. Aliye kwenye orodha na hajafikia ukomo anapewa, anasaini. Asiye kwenye orodha anaambiwa, "Shikamoo mama, orodha anaigusa bosi tu, atakuwepo kesho saa mbili asubuhi." Sentensi hiyo mfundishe kwa mdomo mpaka aizoee. Na wewe saa mbili asubuhi uwepo kweli. Mtu akikufuata nyumbani au kanisani kwa habari ya deni, mrudishe kwenye saa ile ile, kwa upole, kila mara.

HATUA YA 4: MKABIDHI MSAIDIZI KWA WIKI SITA

Kwanza mkataba wa maandishi, hata kama msaidizi ni mtoto wa shangazi yako. Tuseme hasa kama ni mtoto wa shangazi yako. Ahadi ya "nitakusomesha baadaye" si mshahara, na ndugu asiyelipwa kwa tarehe hujilipa kwa njia zake, kisha msiba wa ukoo unakuwa mahali pa kesi. Mkataba utaje mshahara na tarehe yake, saa zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 1 ndani ya siku, saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Saa za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5.

Zamu inayobana vizuri ni saa tano asubuhi mpaka saa moja na nusu jioni, siku sita: ukitoa saa ya kula ni saa 7 na nusu kwa siku, 45 kwa wiki. Wewe unafungua, unamkabidhi saa tano, unarudi saa kumi na moja jioni, mnapokea msongamano pamoja, unafunga mwenyewe. Siku mbili za jioni zako, zamu inasogea: anaingia saa saba mchana na kufunga saa tatu na nusu usiku. Usafiri wake wa kurudi usiku ni gharama ya duka, usimwache aombe lifti.

Wiki ya kwanza na ya pili akae kaunta mchana wewe ukiwa stoo, usitoke hata akikosea, labda akosee pesa. Wiki ya tatu toka saa 2 bila simu. Wiki ya nne akabidhiwe mchana wote. Wiki ya tano afunge hesabu jioni moja na wewe uihakiki asubuhi, na wiki ya sita duka liwe lake zamu nzima, kuanzia kufungua.

Tatizo la wiki ya tatu huwa ni wewe. Utapita "kuangalia tu". Mteja akikuona atakuuliza bei badala ya kumuuliza msaidizi, na hapo umemrudisha nyuma wiki mbili. Kama nyumba na duka viko kiwanja kimoja, toka kiwanjani kabisa.

Mpe pia kiwango cha maamuzi, kimeandikwa. Anaweza kupunguza bei kwa kiasi kisichozidi 500 kwa manunuzi yanayozidi 20,000. Anaweza kurudisha pesa ya bidhaa mbovu mpaka 5,000 bila kuuliza. Akupigie simu kwa mambo matatu tu: hatari (moto, wizi au mtu kuumia), afisa wa serikali amefika, au jambo la pesa linalozidi 30,000. Mengine yote anaandika kwenye karatasi, na wewe unayajibu mara moja ukirudi. Luku (umeme wa kulipia kabla) ikiisha si sababu ya kupiga simu: acha tokeni ya akiba imeandikwa kwenye karatasi ndani ya droo.

HATUA YA 5: HESABU YA KILA WIKI, NDIYO INAYOKUPA USINGIZI

Bila hii, hatua zilizotangulia zitakuacha ukiwa nyumbani kimwili na dukani kiroho. Kila Jumapili saa za kupooza, funga duka kwa saa moja na uhesabu bidhaa kumi zinazokimbia. Mara moja kwa mwezi hesabu duka zima. Vyote kwa bei ya kuuzia.

Mzigo wa mwanzo ukiwa 6,200,000, ulioingia 2,150,000, mauzo 2,080,000, ukurasa wa NYUMBANI 45,000 na vilivyoharibika 12,000, kinachotakiwa kuwepo ni 6,213,000. Ukikuta 6,190,000, pungufu ni 23,000, kama asilimia 1 ya mauzo. Hiyo kwa duka la kupima haina kesi. Kinachotakiwa kukuamsha ni mwelekeo: pungufu likikua wiki tatu mfululizo, tafuta bidhaa gani. Likiwa kwenye vya kupima, ni mkono au mizani. Likiwa kwenye vitu vidogo vya bei kubwa, kama wembe, betri na mafuta ya kupaka, ni kwamba viko karibu sana na mlango au vinatoka vikiwa mfukoni mwa mtu. Likiwa limesambaa kila mahali, mara nyingi ni bei: jumla imepanda na karatasi ya ukutani haijabadilishwa, au imebadilishwa katikati ya wiki na hukuandika tarehe. Na kama kuna ziada, usifurahi. Ziada maana yake mzigo ulioingia haukuandikwa wote au wateja wamepunjwa, na wanaopunjwa hawarudi kulalamika.

Hesabuni wote wawili, yeye anataja, wewe unaandika. Ukihesabu peke yako usiku na kumwita asubuhi, umeshamhukumu.

SIKU ZA KUPUMZIKA NA KALENDA

Siku ya wiki ya kupumzika daftari la siku 14 limeshaichagua. Chukua yenye mauzo madogo, hata ikiwa Jumatano. Anayeswali Ijumaa afunge saa sita na nusu mpaka saa nane na abandike saa hizo. Mwezi wa Ramadhani mkondo wa mauzo hugeuka: alasiri hujaa tende, unga na sukari, kisha hakuna mtu muda wa futari. Funga robo saa kabla ya magharibi, ukafuturu na watu wako, ufungue tena baada ya Isha kama daftari linasema inalipa.

Kwenye kalenda ya ukutani zungushia kwanza 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, tarehe za mwisho za awamu za kodi ya mapato, na ulipe wiki moja kabla ili foleni na mtandao visile siku ya familia. Kisha tarehe za kufungua shule, Januari na Julai. Likizo yako ya siku tatu au nne iweke Februari, baada ya ada za Januari kukausha mifuko ya wateja. Kwa mitaa mingi ni wakati duka linapokuhitaji kidogo. Wanaongoja "mambo yakitulia" mwezi wa Desemba hawaendi popote, kwa sababu Desemba haitulii.

Msiba haungojei kalenda. Andaa bahasha ya dharura mapema: ufunguo wa pili kwa mwenzi wako au jirani mwaminifu, chenji ya kuanzia ya siku mbili, namba za duka la jumla na mwenye kirikuu, nakala ya karatasi ya bei na orodha ya madeni. Kwa bahasha hiyo unaweza kupanda basi usiku ule ule, na duka lifunguliwe asubuhi.

KAMA DUKA LIKO MBELE YA NYUMBA

Hapa mpaka lazima uonekane kwa macho. Taa ya nje ya duka izimwe saa ya kufunga, dirisha lifungwe kwa komeo, na mlango wa kutoka dukani kuingia sebuleni ufungwe pia. Simu ya duka ibaki upande wa dukani, imezimwa sauti. Anayegonga saa tano usiku akitaka sigara mjibu kutoka ndani kwamba pamefungwa, bila kuwasha taa.

Watoto wasiwe wasaidizi wa zamu. Kumwita mtoto aliyeko kwenye kazi ya shule aje "mara moja" auze kiberiti huonekana dogo. Kila "mara moja" huchukua dakika tano na kumrudisha kwenye hesabu zake huchukua kumi. Mwenzi wako akikaa kaunta, saa zake ziandikwe na zilipwe kutoka kwenye mshahara wa duka, kwa kiwango mlichokubaliana. Mazungumzo ya duka yawekewe wakati, dakika 20 Jumatatu baada ya kugawa mshahara, daftari likiwa mezani. Likitajwa jambo la duka wakati wa kula, liandikwe kwenye karatasi ya Jumatatu.

Ukitoka kwa siku nzima au zaidi kwa mara ya kwanza, hesabu bidhaa kumi usiku wa kuondoka, wote wawili msaini, na usiulize mauzo kwa simu ukiwa safarini. Ukirudi, hesabu zile zile kumi pamoja naye kabla hujagusa droo. Ikiwa pungufu liko ndani ya ile asilimia 1 mliyoizoea, andika tarehe ya safari ijayo kwenye kalenda siku hiyo hiyo.